Violeti si moja: ua la Usambara, ua la shambani Singida, na kiduha kinachojificha kwa rangi nzuri

Msimu wa mvua uliopita, mama mmoja wa wilaya ya Iramba alitutumia picha kwa simu. Picha ilionyesha mtama uliodumaa, na katikati yake vimea vyembamba vilivyosimama wima, vimechanua maua ya rangi iliyo kati ya pinki na zambarau. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam alikuwa amemwonyesha mtandaoni ua linaloitwa violeti ya Afrika. Linauzwa kwenye vyungu vidogo, bei yake nzuri, na maelezo yanasema asili yake ni Tanzania. Mama akataka kujua kama hili la shambani kwake ndilo lenyewe, na kama ndilo, aliache likomae apate mbegu za kuuza.

Jibu fupi ni hapana, na asiliache hata siku moja zaidi. Lile ni kiduha. Tutarudi kwake mwishoni, kwa sababu ndilo jambo la haraka kwa mkulima wa Singida. Lakini swali lake lina maana kubwa kuliko alivyodhani. Ni kweli kabisa kwamba ua hilo maarufu lilitoka Tanzania, na ni kweli kwamba watu wamepata fedha nyingi kwalo. Ila si violeti, halioti Singida porini, na waliotajirika nalo si Watanzania.

Rangi moja, koo mbalimbali

Sisi rangi hii tuliipa jina la tunda. Yeyote aliyekula zambarau utotoni akarudi nyumbani na ulimi uliobadilika rangi anajua kwa nini. Kamusi zetu zina neno jingine pia, urujuani, lililotufikia kutoka Uajemi na Uarabuni. Watu wa Ulaya wao waliipa rangi hiyo jina la ua dogo linaloota kwao baridi inapopungua, yaani violeti. Kwa hiyo walipotembea duniani na kukuta ua dogo la rangi ile, wengi waliliita violeti bila kuuliza zaidi. Ndiyo maana leo kuna mimea mingi yenye jina hilo ambayo haina undugu wowote.

Wataalamu wa mimea hawaangalii rangi. Wanaangalia jinsi ua lilivyojengwa, lina petali ngapi, zimeungana au zimeachana, na tunda linapasukaje. Watu wawili wanaweza kuvaa shati la rangi moja na wasiwe ndugu.

Violeti ya kweli ina petali tano zilizoachana. Petali ya chini ina kijimfuko kilichochomoza kwa nyuma, kama kidole cha glavu, na ndani yake mna utamu unaofuatwa na wadudu. Mara nyingi petali hiyo ina mistari myeusi inayoelekea katikati ya ua, kumwonyesha mdudu njia ya kupita. Tunda lake likikauka hupasuka vipande vitatu vyenye umbo la mtumbwi. Kila kipande kinapoendelea kukauka hubana mbegu na kuzirusha mbali. Mbegu za aina nyingi zina kipande kidogo cha mafuta, na sisimizi huzibeba kwa ajili ya kipande hicho. Wakishakila, mbegu yenyewe hubaki kwenye udongo mzuri wa shimo lao na kuota.

Duniani ziko aina zaidi ya 500 za violeti za kweli, na nyingi zinaishi kwenye nchi za baridi. Kuna ile yenye harufu nzuri ambayo Ufaransa walitengenezea manukato. Kuna pansi, ua la bustani lenye uso kama wa paka, ambalo wakulima wa bustani wa Uingereza walilipata katika karne ya 19 kwa kuchanganya violeti za porini. Pansi hustawi kwenye baridi. Ukiipanda Singida mwezi wa Oktoba, jua litakuwa limeimaliza kabla hujamwonyesha jirani.

Je, Tanzania tuna violeti za kweli za porini? Tunazo, ila zimepanda milimani kufuata baridi. Katika misitu ya Kilimanjaro na milima mingine mirefu ya Afrika Mashariki kuna violeti inayotambaa chini, yenye maua madogo ya rangi hafifu. Jina lake la kitaalamu ni Viola abyssinica, kwa kuwa ilielezwa kwanza kutoka Ethiopia, nchi iliyokuwa ikiitwa Abisinia. Ipo na dada yake, Viola eminii, iliyopewa jina la Emin Pasha, yule Mjerumani aliyeanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Kwa mtu wa Singida, mlima mrefu ulio karibu wenye baridi ya namna hiyo ni Hanang, pale mkoa wa Manyara. Huku chini kwetu kwenye mbuga na vichaka usipoteze muda kuitafuta.

Lakini ukoo huu una mtoto mmoja asiyeogopa ukame, na huyu msikilizaji wa Singida ana nafasi nzuri ya kukutana naye. Wataalamu wanamwita Hybanthus enneaspermus. Ni mmea mdogo, mara nyingi haufiki magotini. Unaota kwenye nyasi fupi, kando ya njia na pembeni mwa mashamba yenye udongo wa kichanga, mvua zikishanyesha. Ua lake huwezi kulichanganya na jingine ukiliangalia kwa karibu. Petali nne ni ndogo sana, karibu hazionekani, na ya tano ni kubwa, pana, inaning'inia kama ulimi au kama kijiko, rangi yake pinki au zambarau hafifu. Kwa mbali utadhani ua zima ni petali moja. Tunda lake nalo hupasuka vipande vitatu, alama ile ile ya ukoo.

Mmea huu haudhuru mazao. Ni gugu jepesi tu, jembe likipita umekwisha. Wanyaturu, Wanyiramba na Wasukuma ni watu wanaoijua mimea yao, na kama nyumbani kwenu una jina, tungependa kulisikia.

Ua la Tanga lililozunguka dunia

Sasa tuje kwenye lile la mtandaoni. Violeti ya Afrika ina majani manene yenye manyoya laini, yamejipanga duara kama sahani chini ya maua. Maua yana rangi ya buluu-zambarau, na katikati kuna vitu viwili vya njano vinavyong'aa, ambavyo ni vifuko vya chavua. Petali zake zimeungana kwenye shina la ua, kwa hiyo ua likianguka huanguka zima. Hakuna kijimfuko kwa nyuma. Kwa alama hizo peke yake mtaalamu anajua kwamba si ukoo wa violeti kabisa.

Makao yake ni milima ya mashariki mwa Tanzania, yaani Usambara, Nguru na Uluguru, pamoja na sehemu chache za Kenya kama milima ya Taita na misitu ya pwani upande wa Kilifi. Huko huota kwenye miamba iliyofunikwa na kivuli cha miti mikubwa, mara nyingi karibu na vijito, mahali ambapo ukungu na unyevu havikauki. Amani, katika Usambara Mashariki, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Linganisha na Singida, ambako milimita 700 ni mwaka wa kushukuru, tena zinakuja kwa msimu mmoja. Hiyo inatosha kueleza kwa nini hutalikuta kwenye miamba yetu, ingawa miamba tunayo tele.

Wenyeji wa milima hiyo walikuwa wakiliona siku zote. Habari zilizoandikwa zinaanza pale Wazungu walipolikusanya. John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka sampuli kavu London mwaka 1884. Mwaka 1887 mmisionari W. E. Taylor naye alipeleka yake kutoka upande wa Mombasa. Sampuli hizo hazikuwa kamili, na hazikupewa jina. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya katika utawala wa Wajerumani huko Tanga, aliliona kwenye miamba ya karibu na Tanga na katika msitu wa Usambara. Alimpelekea baba yake Ujerumani, ambaye alikuwa mpenzi wa mimea. Baba akamkabidhi Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya mimea ya Herrenhausen mjini Hanover. Mwaka 1893 Wendland akalitangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza ni jina la familia ya yule mkuu wa wilaya. Sehemu ya pili maana yake ni "lenye maua kama violeti". Angalia hapo: hata aliyelipa jina alijua kwamba linafanana tu.

Kuna jambo moja dogo linalonifurahisha katika habari hii. Taylor na Saint Paul wote wawili walikuwa wanafunzi wa Kiswahili. Saint Paul alichapisha kitabu cha kujifunzia Kiswahili mwaka 1890, na Taylor alichapisha mkusanyo wa methali za Kiswahili mwaka 1891. Walizungumza na watu wa huku, tena vizuri. Lakini katika jina la ua hakuna hata herufi moja ya Kishambaa wala ya Kiswahili.

Siku hizi jina lenyewe limebadilika. Mwaka 2015 wataalamu, baada ya kuchunguza vinasaba, waliliingiza ua hili kwenye kundi kubwa zaidi liitwalo Streptocarpus. Pia aina zilizokuwa zikihesabiwa kuwa 20 hivi zimepunguzwa kuwa karibu 10, kwa kuwa nyingi zilionekana kuwa ni kitu kimoja chenye sura tofauti kidogo kutoka mlima hadi mlima. Wauzaji na wapenzi wa maua bado wanatumia jina la zamani.

Jani moja kwenye bahasha

Kilicholifanya ua hili lisambae haraka hivyo ni jani lake. Sisi tunajua kukata kijiti cha muhogo au mmea wa kiazi kitamu tukapanda. Kwa violeti ya Afrika, jani moja lenye kikonyo chake linatosha. Ukilichomeka kwenye udongo wenye unyevu, baada ya wiki kadhaa linatoa mizizi, kisha miche midogo inachipua chini yake. Kila mche unafanana na mama yake kwa kila kitu. Jani linaingia kwenye bahasha. Mtu hahitaji meli wala forodha.

Mbegu zilianza kuuzwa Ujerumani miaka ile ile ya 1890. Miaka ya 1926 na 1927 kitalu cha Armacost and Royston cha Los Angeles, Marekani, kiliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza. Kikaotesha miche mingi na kuchagua aina 10 zilizofaa kuuzwa. Kutoka kwenye hizo 10 na uzao wake zilitokea aina nyingi mno zinazojaa madirishani leo: nyeupe, za pinki, zenye petali zilizorudufu, zenye pindo la rangi nyingine, hata vidogo vinavyoenea kwenye kikombe cha kahawa. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili nchini Marekani waliunda chama chao, ambacho kipo hadi sasa na kinaandikisha majina ya aina mpya. Kwa sababu halihitaji jua kali na linavumilia kukaa ndani ya nyumba, likawa mojawapo ya maua ya chungu yanayouzwa zaidi duniani, kwa mamilioni.

Usambara ilipata nini? Kwa ukweli, karibu hakuna. Wakati jani lile linaondoka, hakukuwa na sheria ya kuuliza ruhusa, na nchi yenyewe ilikuwa koloni. Mkataba wa kimataifa unaosema kwamba nchi ina haki juu ya mimea na wanyama wake, na kwamba faida igawanywe kwa haki, ulipitishwa mwaka 1992. Itifaki ya Nagoya, inayoeleza namna ya kugawana faida hiyo, ilipitishwa mwaka 2010 na kuanza kazi mwaka 2014. Taratibu hizi haziwezi kurudi nyuma zaidi ya miaka 100 kudai fedha za ua lililokwisha kuondoka. Zinafaa kwa mimea ambayo bado haijaondoka. Mtafiti anayekuja leo kijijini kuchukua mbegu, majani au mizizi ya mti wenu wa dawa anatakiwa awe na kibali, na kijiji kina haki ya kukiona.

Huku bustani za dunia zikijaa violeti ya Afrika, yale ya porini yamekuwa yakipungua. Ua hili halivumilii jua. Ukikata miti mikubwa iliyo juu ya mwamba, huna haja ya kuligusa, litakauka lenyewe ndani ya msimu mmoja. Usambara Mashariki ilipoteza misitu kwa mashamba ya chai tangu zamani, kisha kwa uchanaji wa mbao na kwa kilimo cha iliki chini ya miti katika miaka ya 1970 na 1980. Baadhi ya aina za ua hili zinaishi kwenye kilima kimoja au viwili tu duniani. Kilima hicho kikifyekwa, aina imekwisha, hata kama binamu zake wamejaa kwenye maduka ya Ulaya.

Mwaka 1997 serikali iliunda Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, ambayo leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Huko mgeni anaweza kutembezwa na kuonyeshwa ua hili likiwa kwenye mwamba wake. Wageni wengine husafiri kutoka mbali kwa ajili hiyo tu. Kulichimba ni kosa. Na wale wanaoenda usiku kulichimba wanajisumbua bure, maana la porini lina maua madogo na likiondolewa kwenye kivuli chake mara nyingi hufa.

Ukitaka kulipanda Singida

Inawezekana kabisa kuwa nalo nyumbani, mradi ulipate kwa muuza miche anayelizalisha mwenyewe, au upewe jani na mtu anayelifuga.

Kata jani zima, si changa sana wala si zee, na kikonyo chake cha urefu wa kama vidole viwili vilivyolazwa. Lichomeke kwenye kopo lenye matundu chini, ndani ukiwa umechanganya udongo wa msituni au mboji iliyooza vizuri na mchanga. Lifunike kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga ili unyevu usitoroke. Upepo wa Singida wa Julai na Agosti ndio adui wake wa kwanza, kwa hiyo liweke ndani ya nyumba, karibu na dirisha linalopata mwanga wa asubuhi. Jua la mchana lisilipige. Miche midogo huonekana baada ya mwezi mmoja hadi miwili, na maua huchukua nusu mwaka au zaidi.

Maji mimina kwenye kisahani chini ya kopo, udongo uyanyonye, kisha yanayobaki yamwage. Maji ya baridi yakimwagikia majani huacha mabaka. Na hapa kwetu kuna tatizo la pekee, nalo ni chumvi. Visima vingi vya mkoa wetu vina maji magumu, na kila aliyekaa mjini anajua jinsi maziwa ya Singidani na Kindai yalivyo na chumvi. Ukimwagilia maji kama hayo utaona ukoko mweupe kwenye mdomo wa kopo, kisha majani yatakunjamana na kuoza kwenye kikonyo. Tumia maji ya mvua. Dumu moja la lita 20 lililokingwa kwenye bati linatosha makopo kadhaa kwa miezi mingi.

Kuhusu biashara, nitasema ninavyoona. Kuna wanaoliuza Arusha, Moshi na Dar es Salaam, na mtu wa Singida mjini mwenye subira anaweza kupata wateja wachache kwenye hoteli, ofisi na kwa wanaotafuta zawadi. Lakini ni ua dhaifu, halisafiri vizuri kwenye basi lenye vumbi, na soko lake hapa ni jembamba. Anza na jani moja na hesabu wateja kabla ya kuhesabu miche. Tena ujue kwamba baadhi ya aina mpya zilizotengenezwa nje zina haki za mzalishaji, na kuzizalisha kwa ajili ya kuuza bila idhini yake kunaweza kukuletea matatizo. Ndiyo, ua lenye asili ya Tanga linaweza kuwa na mwenye mali huko Ulaya.

Usichemshe kila ua la zambarau

Kabla ya kiduha, neno moja kuhusu bustani zetu. Ua la rangi ya pinki-zambarau linaloonekana kwenye nyumba nyingi za Singida, lenye petali tano bapa na majani yanayong'aa, ambalo wauza miche wengine huliita vinka, si violeti pia. Asili yake ni Madagaska. Kutokana nalo zilipatikana dawa mbili kubwa za saratani, vinblastine na vincristine, zinazotolewa hospitalini kwa kipimo cha makini sana. Kwa sababu hiyo hiyo, mmea huu ni sumu. Wapo wanaoshauriana mitandaoni kuchemsha majani yake kwa ajili ya kisukari. Usifanye hivyo, na hasa usimpe mtoto au mjamzito. Mgonjwa wa kisukari aende zahanati.

Kiduha

Sasa turudi kwenye shamba la Iramba. Kiduha kiko aina zaidi ya moja. Chenye maua ya pinki-zambarau kinafahamika zaidi Kanda ya Ziwa, na chenye maua madogo mekundu kimeenea sana maeneo ya katikati na mashariki ya nchi. Vyote kazi yao ni moja. Havijitafutii chakula vyenyewe. Mzizi wake unajishikiza kwenye mzizi wa mtama, uwele, mahindi au mpunga, na kunyonya maji na chakula.

Namna ya kukitambua ni kuangalia jirani yake kabla ya kuangalia ua. Kiduha hutokea karibu kabisa na shina la zao. Zao lenyewe linakuwa limedumaa, majani yamenyauka, linaonekana lina kiu hata kama mvua ilinyesha jana. Kiduha kina shina lililosimama, majani membamba yanayokwaruza, na maua yaliyopangana kuelekea juu. Hybanthus, ile violeti ya mbugani tuliyoieleza, huota popote bila kujali mtama uko wapi, na ua lake ni ulimi mmoja unaoning'inia.

Ubaya wa kiduha ni kwamba ukiona ua, hasara kubwa imeshatokea. Hukaa chini ya udongo kwa wiki kadhaa kikinyonya kabla hakijachomoza. Ubaya wa pili ni mbegu. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, zinazoweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Haziamki kwa mvua peke yake. Zinaamshwa na kemikali inayotoka kwenye mizizi ya zao.

Hapo ndipo pa kukishinda. Mizizi ya baadhi ya mazao, kama kunde, karanga na alizeti, huweza kuamsha mbegu za kiduha lakini kiduha hakiwezi kujishikiza kwayo. Kinaota, kinakosa cha kunyonya, kinakufa. Kwa mkoa wa alizeti kama wetu hii ni habari njema. Shamba lenye kiduha lisipandwe mtama mfululizo, bali lizungushwe na mazao hayo, misimu kadhaa, maana msimu mmoja hautoshi. Weka samadi iliyooza vizuri, kwa kuwa kiduha kinapenda udongo uliochoka. Zipo mbegu za mtama zinazokivumilia, kama Hakika na Wahi, zilizotolewa nchini mwaka 2002. Muulize afisa ugani wako kama zinapatikana. Usichukue mbegu ya kupanda kutoka shamba lenye kiduha, na usiwape ng'ombe kiduha kilichokomaa, kwa sababu mbegu zinaweza kupita tumboni na kurudi shambani na samadi.

Chenye maua tayari king'olewe kwa mkono kabla hakijakauka, kiwekwe kwenye mfuko, kitolewe shambani na kichomwe. Hakitaokoa mtama wa mwaka huu, ila kinapunguza mbegu za miaka ijayo.

Hayo ndiyo tuliyomwambia yule mama. Alitujibu kwamba amejaza viroba viwili akavichoma, na kwamba kile kipande msimu ujao atakipanda alizeti. Violeti ya Afrika bado anaitaka, mwanawe ameahidi kumletea jani.